Tumbo la Mbuzi wa Mavyaa

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa na mbuzi jike mmoja aliyempenda kuliko watu wote wa nyumba yake, na ninaposema watu wote namtia na mwanawe humo. Mbuzi mwenyewe alikuwa mweupe, ana baka jeusi shingoni, na maziwa yake ndiyo yaliyoingia katika chai ya mavyaa kila asubuhi. Sisi wengine tulikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Alilala kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, na mgeni akija ilimpasa mgeni ajipunguze apite, si mbuzi ainuke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, pale Amu, mji wa Lamu, Mwingereza angali ofisini kwake ufuoni. Serikali ilipenda sana kubandika matangazo ukutani, na kwa kuwa gundi yake ilikuwa uji wa unga wa ngano, mbuzi wa mavyaa aliyapenda kuliko serikali yenyewe. Alianzia pembeni, akavuta, akameza tangazo zima pamoja na muhuri wake. Kuna mambo mengi ambayo serikali ilitaka tuyajue na mtaa wetu haukupata kuyajua, na sikumbuki kama tulipungukiwa na chochote.

Mimi niliolewa katika nyumba hiyo kutoka Shela, msichana mwembamba mwenye ulimi usiotulia. Siku ya kuondoka mama yangu alinipa maagizo mawili: nifunge mdomo, na nisiulize habari za mke wa kwanza. La kwanza lilinishinda mapema. La pili sikuwa na haja ya kuuliza, maana mavyaa alinieleza mwenyewe kabla hina haijafutika mikononi mwangu. Mke wa kwanza wa mume wangu alikuwa mtu wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, na alipewa talaka kwa sababu alikuwa na mkono mrefu. Mavyaa alikuwa na vipuli viwili vya dhahabu alivyopewa na marehemu mumewe, vyenye kulabu nyembamba za kutundikia sikioni. Kimoja kilipotea yule mke akiwa ndiye msafishaji wa chumba. Akarudishwa kwao na kasha lake la nguo, na kipuli hakikuonekana tena.

Kile kilichobaki mavyaa hakukificha sandukuni. Kila Ijumaa alifunga kikuba chake cha asumini na mrehani, kile kishada cha maua cha kubandika kifuani, akatia kipuli katikati yake kwa ile kulabu, akazunguka nacho kwa jamaa zake wa mjini. Aliyeuliza mbona kimoja, alihadithiwa kisa chote tangu mwanzo. Asiyeuliza alihadithiwa pia. Mimi nilitembea nyuma yake ndani ya buibui langu, nikamsikia mwizi wa Kizingitini akiiba na kuachwa, akiiba na kuachwa, mpaka ningeweza kukihadithia kisa mwenyewe. Haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba huenda si kweli.

Basi Ijumaa moja tulirudi kutoka Wiyoni, tulikokwenda kumtazama jamaa yake aliyejifungua. Mavyaa akavua buibui, akabandua kikuba, akakiweka juu ya sinia pale kiwandani, yaani uwanja wa ndani ya nyumba, akaniambia nikiingize chumbani. Nilikuwa na kata ya maji mkononi. Nikaenda kuimimina mtungini kwanza, nikageuka. Sinia ilikuwa tupu. Mbuzi amesimama juu yake, ametulia kabisa, na pembeni mwa midomo yake unaning'inia uzi wenye ua moja la asumini. Nilimrukia. Akauvuta ule uzi kwa ulimi, ua likapita, koo likapanda na kushuka, na ikawa basi. Hakutafuna. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye watu wazima wenye ndevu waligombana kwa ajili yake.

"Mama!" nikapiga ukelele. "Mbuzi mekila kikuba! Mekila pamoya na kipuli!"

Mavyaa alitoka taratibu. Akatazama sinia, akanitazama mimi, kisha akamtazama mbuzi kwa huruma ambayo sikupata kuiona usoni mwake kabla ya siku ile. Akamshika kidevu.

"Maskini mbuzi wangu," akamwambia. "Kikipotea kitu ndani ya nyumba hii, ni weye tu."

Neno lile sikulielewa. Nilidhani ni hasira za mzee, nikaliacha lipite.

Alipokwisha kumbembeleza mbuzi alinigeukia mimi. Maulidi yamekaribia, akasema, na jamaa zake wote wa Pate watafikia hapa, naye hatawakaribisha huku amekaa na mwizi wa pili. Kipuli kikionekana, vyema. Kisipoonekana kabla ya wageni kufika, mwanawe anajua la kufanya. Mwanawe alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na kikapu cha tende. Akasema, "Ewaa, Mama," kabla hajauliza kuna nini.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Aliuza tende na mafuta ya taa, hakupunja kipimo, hakuinua mkono wala sauti. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Nilimwingiza chumbani nikamwambia kwamba nimemwona mbuzi akimeza, kwa macho yangu haya mawili. Akasema, kweli, bila shaka umemwona. Kisha akatoka nje kuuliza watu.

Watu wenyewe walikuwa wawili, nao walikaa kila alasiri kwenye baraza ya mawe mbele ya nyumba yetu. Mmoja alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa vitabu, aliyezungumza kana kwamba kila neno linaandikwa mahali. Wa pili alikuwa jirani yetu mwenye punda wa kubebea mawe na chokaa, na hakuna jambo duniani ambalo hakulipima kwa punda: ndoa, homa, mvua, hata siasa za Mombasa. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango kusikiliza. Mlango ule ulikuwa na nakshi tele upande wa nje, lakini upande wa ndani ulikuwa umelainishwa na masikio ya wanawake wa nyumba ile.

"Punda wangu alimeza pete ya mke wangu ndani ya ganda la embe," akasema jirani. "Haikupita siku, pete ikatoka. Ikaoshwa, na leo yuwaivaa. Mbuzi ni punda mdogo tu. Kaani nyuma yake mungoje."

Mwalimu akatikisa kichwa. Vitabuni mwake mbuzi si punda. Mbuzi, ng'ombe na ngamia ni wanyama wanaocheua: kilichokwisha kufika tumboni hukirudisha mdomoni wakakitafuna upya, na hicho kinachorudi ni najisi, hukumu yake ni ya matapishi. Basi ikiwa majani hurudi, na dhahabu hurudi. "Kaani mbele yake," akasema. Kisha akaingia katika hukumu ya dhahabu iliyorudi mdomoni, na ya dhahabu iliyotoka nyuma, na ya dhahabu iliyotoka nyuma ikaokotwa na kuku, akatoa hoja za wanaokubali na za wanaokataa, mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mwisho wa yote ilibainika kwamba kipuli kikipatikana kioshwe kwa maji.

Mume wangu aliingia ndani akiwa amekubaliana nao wote wawili. Tukawekwa zamu mbele na nyuma ya mbuzi. Hakuna aliyeuliza nani atakaa upande gani. Mavyaa alileta kibao chake na tasbihi akakaa mbele, akiukodolea macho mdomo. Mimi nilipewa chekeche na ndoo, nikaonyeshwa mkia.

Leo najua zaidi kuliko tulivyojua sote siku zile, na ujuzi huo umenizidishia hasira tu. Mjukuu wangu wa kike alisoma habari hizi shuleni, akanisomea kwa sauti huku nikimkatiza kila mstari. Mbuzi anapokula ana pupa, hukata na kulowesha kwa mate na kumeza, na meno ya mbele ya juu hana hata moja, ana ufizi mgumu tu. Chakula huangukia katika chumba cha kwanza cha tumbo, na vyumba viko vinne. Hicho cha kwanza ni kikubwa kupita vyote. Humo majani huloweka na kuchachuka, kwa kazi ya vijidudu wasioonekana kwa jicho, na wao ndio wanaoweza kuyeyusha mabua, majani makavu na matangazo ya serikali, vitu ambavyo matumbo yetu yangeshindwa navyo. Akishiba, mbuzi hujilaza kivulini, akarudisha tonge moja mdomoni, akalisaga kwa magego kwa kupeleka taya upande upande, akalimeza, akaleta jingine. Huo ndio mlo wake hasa. Hewa ya ule mchachuko hutoka kwa njia ya mbweu, na mavyaa, aliyekaa karibu na mdomo kuliko sisi sote, aliipata yote.

Punda hana habari ya mambo haya. Tumbo lake ni moja, akimeza amemeza. Lakini Amu tulimjua punda kuliko tulivyojijua wenyewe, na mtu hupima kwa kipimo alicho nacho. Kwa hiyo ingawa mwalimu alitaja vitabu, mtaa mzima ulikuwa upande wa jirani, na macho ya mtaa mzima yalikuwa kwenye chekeche langu.

Nilivipondaponda vile vidonge vyeusi kimoja kimoja, nikavimwagia maji, nikavichekecha. Vilikuwa vikavu na safi kuliko nilivyotarajia, hilo sharti nimshukuru mbuzi kwalo, maana kila tone la maji alikuwa amelinyonya mwilini kabla hajavitoa. Nilipata mbegu. Nilipata kipande cha uzi. Jirani alipita asubuhi na jioni akiuliza kupitia mlangoni, "Vipi nyuma?" na mwalimu akipita huuliza, "Vipi mbele?" Mavyaa alijibu la, nami nikajibu la. Wakarudi barazani kuyatoa tena yale yale ya jana na kuyatafuna upya, na kusema kweli walicheua vizuri kuliko mbuzi.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Nikasema kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Si mumtinde mbuzi mutizame?"

Kutinda ndiyo kuchinja kwa lugha yetu. Mavyaa akainuka na tasbihi yake.

"Mbuzi wa maziwa!" akasema. "Roho ya mnyama iondoke kwa neno la mtu?"

Mwalimu akasema kwamba kumchinja mnyama anayekamwa, pasipo haja, ni jambo lisilopendeza. Jirani akasema kwamba hajapata kusikia punda aliyepasuliwa kwa ajili ya pete. Mume wangu alimwambia kila mmoja wao kwa zamu yake, "Wasema kweli." Ilikuwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze wote wanne kuwa na neno moja. Mimi nikangoja atokee mmoja aseme kwamba kumwacha mke pasipo haja nako hakupendezi. Mwalimu alikuwa na kitabu cha hilo pia, lakini siku ile hakukifungua.

Siku zikaenda. Nyuma hapakutoka kitu, mbele hapakurudi kitu, na Maulidi yakawa mlangoni. Jirani akatoa hukumu kwa masikitiko, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma: "Punda angekuwa metoa zamani." Basi ikaonekana kwamba mbuzi hakumeza. Na ikiwa mbuzi hakumeza, aliyebaki ni mimi. Mavyaa hakupiga kelele. Alimwita mwalimu aje kesho yake asubuhi awe shahidi, akaniambia nipange nguo zangu. Nilizipanga kwa hasira na kwa hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. Shela si mbali, mtu aliyeachwa kwa wizi huwahiwa na habari zake njiani, na nilikuwa na wadogo zangu wa kike ambao hawajaposwa. Mawazoni nilimwona baba yangu akikaa msikitini safu ya nyuma kwa ajili yangu. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akanisaidia kukunja leso zangu, akilia.

"Mimi nakuamini," akasema.

"Basi kanene hivyo kwa mamako."

"Ntanena," akasema, akaenda, akarudi amekubaliana naye.

Asubuhi kasha langu lilitolewa hadi dakani. Mwalimu akafika amevaa kanzu ya heshima. Mume wangu akakohoa. Na hapo hapo, kutoka kiwandani, mavyaa akapiga ukelele ambao nilidhani amegongwa na nyoka.

"Hatafuni! Mbuzi wangu hatafuni!"

Yeye aliyekuwa amekaa mbele ya mdomo ule siku zote hizo ndiye aliyetambua kwanza. Mbuzi alikuwa amesimama pembeni, mgongo ameuinua, viwiko amevitenga na mbavu, akiguna kila alipotaka kuhama mguu. Majani yako mbele yake hayataki. Taya, ambayo ilikuwa haisimami kutwa, imesimama. Mavyaa alimkumbatia shingo akalia kwa kwikwi, machozi mengi ya kweli, na mimi niliyekuwa naachwa nilijikuta nasimama kando nisijue pa kuweka mikono.

Talaka ikawekwa kando. Jirani aliitwa, akaja mbio, akamtazama mgonjwa na kusema kwamba punda akishikwa na tumbo hutembezwa. Kwa hiyo mbuzi akatolewa nje kutembezwa. Mume wangu alivuta kamba, jirani alisukuma nyuma, mwalimu alifuata akisoma, na mavyaa alikuja mwisho na chetezo cha ubani, buibui limemteremka begani, akimwita mbuzi kwa majina mazuri. Walikwenda hadi kona wakarudi. Watu wakatoka milangoni kuwapa pole. Mimi nilikaa juu ya kasha langu dakani nikiwatazama wakipita, na kila walipopita mume wangu alinitupia jicho kama mtu anayeomba asubiriwe kidogo.

Walipozunguka tena mbuzi alipiga magoti, akalala. Macho yakaanza kugeuka. Sasa hapakuwa na mjadala, kwani mnyama akijifia mwenyewe nyama yake ni mzoga, haifai kwa yeyote. Mtu aliyekuwa karibu na mwenye udhu alikuwa mwalimu. Akakunja mikono ya kanzu ile ile aliyoivaa kwa ajili ya talaka yangu, akapewa kisu, akamwelekeza mbuzi kibla.

Wanaume walipomaliza kuchuna na kukata walirudi barazani. Matumbo yakabaki kwenye karai. Kuosha matumbo ni kazi ya mke wa mwana, na mke wa mwana, kwa kuchelewa tu, nilikuwa mimi bado. Mavyaa alisimama karibu, macho yamevimba, kunionyesha jinsi anavyopenda yaoshwe.

Nikachukua kisu nikafungua. Chumba cha kwanza, kile kikubwa, kilijaa majani yaliyochachuka, na ukuta wake wa ndani una manyoya mafupi kama taulo. Nikakimimina. Chumba cha tatu ni kurasa juu ya kurasa, ndiyo sababu watu hukiita kitabu, na mchanga hupenda kukaa humo. Cha nne ni laini, chenye maji makali, na hicho ndicho kinachofanana na tumbo letu sisi watu. Lakini kati ya cha kwanza na cha tatu kuna kifuko kidogo, kimekaa mbele kabisa karibu na moyo, na ndani yake kuna vijumba vijumba kama sega la asali. Nilikuwa nimeosha vifuko kama hivyo tangu utoto wangu Shela. Nilikuwa nimekuta humo mawe na misumari, nikavitupa nikaenda kupika. Kitu kizito alichomeza mbuzi hakipandi na tonge wala hakishuki na kinyesi. Huangukia kwenye lile sega na hapo ndipo kinapokaa, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimelishika jibu mikononi maisha yangu yote na bado nilikaa siku zile zote na chekeche nyuma ya mkia.

Nikakipasua kile kifuko. Kulabu ilikuwa imetoboa ukuta, imetokeza upande wa pili, na pale ilipotokeza pamevimba usaha. Kila hatua waliyomtembeza ilikuwa inaizamisha zaidi. Niliichomoa taratibu na kipuli kikafuata, kinang'aa, kwa kuwa dhahabu haiozi popote iwekwapo. Nilikiweka kwenye kiganja nikakiinua bila neno, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Mavyaa hakukitazama. Alikuwa akitazama ndani ya kifuko. Akachuchumaa, akatia kidole katika vijumba vya chini, akakwaruza. Ikatoka sindano ya kofia iliyovunjika. Ukatoka msumari. Kisha kikatoka kipuli cha pili, kulabu yake imepinda na kukunjika, nakshi yake ya maua imelika kwa kusuguliwa na mawe. Akakiweka kiganjani mwangu kando ya mwenzake, navyo vilikuwa ni vile vile, vimekutana.

Mikono yetu ilikuwa na uchafu wa mbuzi hadi viwiko.

"Na yule naye," akasema mavyaa polepole, "alinena ni mbuzi."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno alilomwambia mbuzi akimshika kidevu. Yule mke wa Kizingitini alipiga ukelele ule ule katika kiwanda kile kile. Bila shaka naye aliwekwa nyuma ya mkia na chekeche. Yeye pia jirani alimwambia habari ya punda. Katika kukihadithia kisa chote kile kila Ijumaa, kipande hicho mavyaa hakuwahi kukisema hata mara moja. Na utetezi wangu ulikataliwa siku ya kwanza kwa sababu ulikwisha kutumiwa na mwingine.

Mavyaa akakifunga kiganja changu kwa mkono wake. "Moya," akaninong'oneza. "Waambie watu ni kimoya."

Niliondoa mkono wake, nikatoka na buibui nusu, nikaifikia baraza nikiwa natiririka maji ya matumbo, nikawaonyesha wote wawili vipuli viwili. Mwalimu alivitazama kwa makini. Akasema kwamba kwa kuwa havikutoka mbele wala nyuma, hakuna kauli iliyoshinda wala iliyoshindwa, na kwamba vioshwe. Jirani akasema kwamba hili jambo lisingempata punda. Mume wangu alikaa chini kwenye jiwe, akafunika uso, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akasema kwamba basi, yamekwisha, na kasha lirudishwe ndani.

"Kasha litakaa hapo dakani," nikamwambia, "mpaka uwende Kizingitini ukavipeleke, ukanene kwa mdomo wako mbele ya watu wake."

Mavyaa alianza kusema kitu. Nami nikaendelea kusema. Nilikuwa nimejifunza tabia ya mume wangu, na siku ile nilihakikisha kwamba sinyamazi mpaka yeye amekwisha kuingia chomboni. Mbuzi alipikwa mchuzi jioni ile. Nasikia alikuwa mtamu.

Mume wangu alirudi Maulidi yakiwa yameanza. Nyumba ilijaa wageni wa Pate, na mavyaa alikuwa akiwapokea kifua kitupu, bila kikuba. Mume wangu alinikuta jikoni, akanipa kipuli kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa. Kile kilicholika yule mke amejiwekea mwenyewe, akasema. Hiki ameniletea mimi, nikivae, na nimekivaa sikio moja tangu siku ile hadi leo.

"Hakunena kitu?" nikamwuliza.

Alisema kwamba alimweleza yote mbele ya baba yake na kaka zake, na akawaomba radhi. Yule mke alisikiliza amesimama mlangoni. Mume wangu alipomaliza, yule mke akamwuliza swali moja tu, kama mbuzi walimtinda kwa ajili yake yeye. Naye mume wangu, ambaye uongo ulikuwa ukimshinda, akamwambia la, mbuzi aliumwa, akatembezwa njiani, na mama akamlilia.

"Akasemaje?"

"Kasema, 'Nami naliumwa siku ile. Hapana aliyenitembeza ndiani, wala aliyelia.'"